Barua ya wazi kwa Baraza la Wanasaikolojia: wahesabiwe pia wale tunaowarudisha mlangoni

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti na Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Taaluma ya Saikolojia,

KUH: WATU WANAOONDOKA BILA KUHUDUMIWA

Waheshimiwa,

Kabla ya hii nimewaandikia barua tatu za faragha. Ya kwanza mlinijibu kwa kunishukuru. Ya pili mkaniarifu kuwa imepelekwa kwenye kamati. Ya tatu haijajibiwa, na nilipopiga simu kuiulizia niliambiwa kwamba kamati yenyewe haijakutana tangu iundwe. Ndiyo maana leo nasema mbele za watu. Baadhi yenu mlinifundisha, mmoja wenu alisaini fomu zangu za mafunzo kwa vitendo, na heshima yangu kwenu iko palepale. Lakini nikinyamaza tena nitakuwa nimewakosea watu ambao hawana anwani ya kuwaandikia ninyi.

Nianze na daftari. Katika kliniki niliyofanyia kazi, kila aliyepata miadi aliingizwa kwenye kumbukumbu: jina, umri, tatizo, idadi ya vikao. Aliyekosa hakuandikwa popote. Mwisho wa mwaka tulituma ripoti kwamba wateja wetu wengi wameridhika, na ilikuwa kweli, kwa sababu tuliowauliza ni wale tuliowahudumia. Nikamwomba mhudumu wa mapokezi atumie kurasa za nyuma za daftari la zamani kuandika kila anayeondoka bila huduma. Asiandike jina, aandike sababu tu. Zikaanza kuingia: "Anatoka kazini sisi tumeshafunga." "Hana wa kumwachia mtoto." "Ameuliza kama kuna anayejua lugha yao." "Alipiga simu, hatukumrudia." "Kaona fomu ya kurasa sita, akaaga." Nilipolipeleka daftari hilo kwenye kikao, swali la kwanza nililoulizwa ni kama tunaruhusiwa kutunza kumbukumbu za watu ambao si wateja wetu.

Tuna msemo tunaoupenda kwenye makongamano: jamii zisizofikiwa na huduma. Angalieni kitenzi hicho. Kipo katika kauli ya kutendwa, na mtenda hatajwi. Nani hakuwafikia? Ukiusikia msemo huo haraka utadhani watu hao wamejificha ng'ambo ya mto, kumbe wengine walikuwa wamesimama mapokezi wameshika fomu.

Haya ndiyo ninayoyalalamikia.

1. Mlango wetu unachagua, na hatujui kwamba unachagua.

Mwaka 2016 mtafiti Heather Kugelmass alichapisha jaribio alilolifanya New York. Wataalamu 320 wa tiba ya mazungumzo walipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa watu waliojifanya wanatafuta miadi. Ombi lilikuwa lilelile na bima ileile. Kilichobadilika ni jina, lafudhi na namna ya kusema, ili msikilizaji akisie rangi na tabaka la mpigaji. Kwa wapigaji wa tabaka la kati, Wazungu walipewa miadi kwa asilimia 28 na Weusi kwa asilimia 17. Wa tabaka la wafanyakazi, Wazungu kwa Weusi, waliambulia asilimia 8.

Sidhani kama wengi wa wataalamu hao waliamka asubuhi wakiwa na nia mbaya. Mmoja alichoka, mwingine aliona mpigaji "hafai sana" kwa tiba yake, mwingine alisahau kurudisha simu. Ukimuuliza mmoja mmoja, kila mtu ana sababu nzuri. Ubaguzi unaonekana pale tu simu zote zinapowekwa pamoja na kuhesabiwa, na kwetu hakuna anayezihesabu. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba hapa jambo hilo halipo, nauliza: limepimwa na nani?

2. Vipimo vyetu.

Hili nitalikalia zaidi, kwa sababu nina hatia nalo.

Nilipokuwa mpya kazini niliwahi kumpima mvulana aliyeletwa na shule yake. Nilitumia kipimo cha akili nilichofundishwa, katika lugha ya shuleni, ambayo kwake ilikuwa lugha ya pili. Kwenye msamiati alinyamaza, nikaandika sifuri, sifuri, sifuri. Alama zikaangukia chini ya mstari. Nikaandika ripoti safi, yenye jedwali, na mtoto akahamishiwa darasa jingine. Baadaye mwenzangu anayejua lugha ya nyumbani kwake alikaa naye saa moja na kunieleza nilichokikosa: mtoto yule alikuwa akieleza maana za maneno yale vizuri kabisa, mradi aulizwe kwa lugha anayoiota. Nilipoomba ripoti yangu irekebishwe niliambiwa faili limekwisha fungwa. Hakuna utaratibu wa mwanasaikolojia kusema "nilikosea" na likasikika mahali palepale ripoti ilipofika.

Wala si jambo geni. Wanasaikolojia Weusi wa Marekani walipounda chama chao mwaka 1968, moja ya madai yao ya mwanzo lilikuwa kusitishwa kwa vipimo hivyo kwa watoto Weusi. Katika kesi ya Larry P. dhidi ya Riles, Jaji Robert Peckham wa mahakama ya shirikisho huko California aliamua mwaka 1979 kwamba vipimo vya akili visitumike kuwapeleka watoto Weusi kwenye madarasa ya wale walioitwa wenye akili pungufu. Waliokwenda mahakamani walikuwa familia za watoto. Ingependeza kama taaluma ingekuwa imejirekebisha yenyewe kabla ya kuburuzwa na wazazi.

Na tatizo linaanzia juu zaidi, kwenye utafiti wenyewe. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alipitia majarida sita makubwa ya chama cha wanasaikolojia wa Marekani, matoleo ya 2003 hadi 2007. Asilimia 68 ya walioshiriki kwenye tafiti walikuwa Wamarekani, na asilimia 96 walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, ambazo zina kama asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Kipimo kikishatungwa juu ya sampuli hiyo, wastani wake unageuka kuwa "kawaida", na anayetofautiana nao anageuka kuwa mgonjwa. Sisemi vipimo vitupwe. Navitumia hadi leo. Ninachosema ni kwamba mtu anayesoma ripoti yangu, awe mwalimu, hakimu au mzazi, ana haki ya kujua alama zile zimelinganishwa na nani.

3. Lugha, na watoto wanaogeuzwa wakalimani.

Nitaeleza kisa kimoja tu. Mama mmoja aliletwa akiwa halali wala hali. Hakukuwa na mkalimani, ila binti yake mdogo alikuwa naye, mwenye sare ya shule. Kanuni inatutaka tumuulize kila mtu wa namna hiyo kama ana mawazo ya kujiua. Mtaalamu aliyekuwa zamu aliuliza. Binti akageuka na kumuuliza mama yake kwa sauti ndogo kama anataka kufa. Mama akamtazama mwanawe, akasema hapana.

Tukaandika: "Amekanusha."

Hata pale lugha inapokuwa moja, maneno yanapishana. Sisi tunaandika sonona (depression). Mtu anasema moyo umechoka, au mawazo yamezidi, au usingizi umenikimbia. Dodoso letu halina kisanduku cha moyo uliochoka, basi anajibu "hapana" kwenye maswali ambayo hakuyaelewa, na jumla ya alama zake inasema yu mzima.

4. Mafunzo kwa vitendo yasiyolipwa.

Mwaka mzima, wakati mwingine zaidi, tunamtaka mwanafunzi aliyekwisha kumaliza masomo afanye kazi bila ujira ili apate saa za leseni. Wenye wazazi wa kuwalisha wanamaliza. Wengine wanaacha, au wanafanya kazi usiku na kuhudumia wagonjwa mchana huku macho mekundu. Mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kuwasimamia, aliyekuwa akijua lugha tatu, leo anauza bima. Halafu tunaitisha semina kujadili kwa nini wanasaikolojia hawafanani na watu wanaowahudumia. Jibu limo kwenye kanuni mlizotia saini wenyewe.

5. Waraka wa kuwazuia wanachama wasisimamie wahudumu wasio na leseni.

Mwaka 1959 mwanasaikolojia George Albee aliandika ripoti kuhusu upungufu wa wataalamu wa afya ya akili nchini Marekani, na akaonya kwamba hawatatosha kamwe kwa mfumo wa mtaalamu mmoja na mgonjwa mmoja. Hiyo ni nchi tajiri. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2020 zinaonyesha kuwa nchi za kipato cha chini zina wahudumu wa afya ya akili chini ya 2 kwa kila watu 100,000, na za kipato cha juu zaidi ya 60. Ukizidisha na kugawa utakavyo, hesabu hiyo haifungi.

Walioikubali hesabu wakatafuta njia. Nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulifanyika katika vijiji 30, na wenyeji wasio na taaluma hii walifundishwa kuongoza, kwa vikundi, tiba ya mazungumzo inayolenga mahusiano ya mtu na wenzake. Dalili za sonona zilishuka sana kuliko kwa wale wasiopata huduma hiyo. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 Benchi la Urafiki: akina bibi, wahudumu wa afya wa jamii, wanakaa kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza watu kwa utaratibu maalumu wa kutatua matatizo. Jaribio lake lenye washiriki 573, lililochapishwa 2016, lilionyesha kuwa miezi sita baadaye waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa.

Ninyi, badala ya kuuliza tutawasimamiaje wahudumu kama hao, mkatoa waraka kwamba mwanachama atakayewasimamia "anahatarisha hadhi ya taaluma". Waheshimiwa, hadhi ya nani?

Ila nijikosoe mapema kabla hamjanikosoa. Ipo hatari ya kweli hapa, kwamba maskini watengewe bibi wa benchi na wenye uwezo watengewe daktari, na tuuite mgawanyo huo ubunifu. Sikubaliani na hilo hata kidogo. Bibi wa benchi anahitaji mtu wa kumpelekea yule aliyemshinda, na mtu huyo ni mimi na wewe, kwa miadi ya wiki hii. Waraka wenu umekata kiungo hicho hasa.

6. Maneno ya kanuni za maadili.

Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kina Haki kama moja ya misingi mitano ya jumla ya maadili yake, na kanuni zetu zina msingi unaofanana nao: kila mtu anastahili kufikia na kunufaika na saikolojia. Pia zinahimiza mwanachama atoe sehemu ya muda wake bila malipo au kwa malipo madogo. Zinahimiza tu. Sijawahi kuulizwa, katika kuhuisha leseni yangu mwaka hadi mwaka, nimetoa saa ngapi. Naulizwa ada tu.

Chama cha Australia kiliwaomba radhi wenyeji asilia wa nchi hiyo mwaka 2016. Cha Marekani kikaomba radhi mwaka 2021 kwa mchango wake katika ubaguzi wa rangi. Ni hatua nzito na sizibezi. Lakini sitaki mkimbilie huko. Ni rahisi kuomba radhi kwa ya wazee waliokwisha kufa kuliko kufungua kliniki jioni.

Najua mtakachojibu, kwa kuwa nimekwisha kujibiwa korido kwa korido.

Mtasema watu wenyewe hawaji, kwa sababu ya unyanyapaa. Unyanyapaa upo, nimeuona ukivunja ndoa. Lakini daftari langu limejaa watu waliokuja. Walishinda aibu, wakaomba ruhusa kazini, wakafika. Anayefika mlangoni na kurudishwa hajashindwa na unyanyapaa.

Mtasema fedha hazipo. Katika hili tuko upande mmoja: ukizipanga nchi za dunia kwa kiwango wanachotenga, ile ya katikati hutenga takriban asilimia 2 tu ya bajeti ya afya kwa afya ya akili, na ni fedheha. Ila katika maombi yangu ni mawili tu yanayohitaji fedha ya kweli. Mengine yanahitaji kalamu.

Mtasema viwango vitashuka. Kiwango gani kilichokuwepo siku binti yule alipomuuliza mama yake?

Na mtasema hii ni siasa, sisi ni wanasayansi. Hapo ndipo mnaponishangaza zaidi. Tunawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa fahari, jinsi wanasaikolojia Mamie na Kenneth Clark walivyowaonyesha watoto Weusi wanasesere weupe na weusi na kuwauliza yupi ni mzuri, na jinsi kazi yao ilivyotajwa katika uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1954 dhidi ya shule za ubaguzi. Hapo haikuwa siasa, ilikuwa sayansi yetu tukufu. Ignacio Martín-Baró, padri na mwanasaikolojia, alianzisha katika chuo kikuu chake El Salvador taasisi ya kukusanya maoni ya wananchi, ili watu ambao kila upande ulidai kuwasemea wahesabiwe kwa sauti zao. Wanajeshi walimuua chuoni hapo tarehe 16 Novemba 1989. Sijilinganishi naye, mimi nina daftari la mapokezi tu. Nataja hili kwa kuwa alionyesha kuwa kuhesabu watu waliopuuzwa ni kazi halali ya mwanasaikolojia, na kwamba wapo wanaoiogopa. Sikutegemea kuikuta hofu hiyo, ndogo na ya kiofisi, kwenye baraza letu.

Ninachoomba ni hiki.

Kwanza, kila kliniki inayosajiliwa nanyi iandike idadi ya walioondoka bila huduma na sababu zao, pasipo majina, na baraza lichapishe jumla kila mwaka. Mkinikatalia yote mengine, nipeni hili. Nusu ya barua hii isingehitajika kama takwimu hizo zingekuwepo.

Pili, iwe marufuku kumtumia mtoto kama mkalimani katika tathmini yoyote. Mkalimani wa simu anatosha pale wa ana kwa ana anapokosekana. Hili ndilo la kwanza kati ya mawili yenye gharama.

Tatu, ukurasa wa kwanza wa kila ripoti ya kipimo useme kwa lugha nyepesi: kipimo hiki kililinganishwa na kundi gani, kilifanywa kwa lugha gani, na mpimwaji anaijua kiasi gani. Na uwekwe utaratibu wa kufungua upya ripoti yenye kosa. Mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Nne, baada ya miaka miwili kusiwe na kituo kitakachotambuliwa kwa mafunzo kwa vitendo kama hakimlipi mwanafunzi posho ya kuishi. Hii ndiyo gharama ya pili, na vituo vingi vinavyolalamika vinamtoza mgonjwa ada kamili kwa kikao kilichoendeshwa na mwanafunzi huyohuyo.

Tano, ule waraka ufutwe, na badala yake utoke mwongozo wa usimamizi unaosema ni lini mhudumu wa jamii lazima ampeleke mtu kwa mtaalamu, na mtaalamu lazima ampokee ndani ya siku ngapi.

Sita, viti viwili vya baraza vipewe watu waliowahi kutumia huduma zetu, au kuzikosa, wenye kura kamili. Wasiitwe kuja kutoa ushuhuda, kupigwa picha na kuagwa.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 60, hadharani kama nilivyoandika hadharani, likieleza kwa kila ombi: mmekubali, mmekataa, au mmebadilisha, na kwa nini. Mkikataa na kutoa sababu, nitaheshimu. Kupelekwa tena kwenye kamati ile sitakuhesabu kuwa jibu.

Wanachama wenzangu mnaosoma hili, msinisainie barua. Wekeni daftari mapokezi kuanzia Jumatatu, kwa miezi mitatu, halafu tupelekeane jumla zetu.

La kwangu bado ninalo. Baraza likilihitaji nitalileta mwenyewe, na nitasubiri hapo mapokezi mpaka mtakapopata nafasi.

Wenu katika taaluma,

Mwanasaikolojia mwenye leseni, mwanachama wa baraza lenu